Kurudi kwenye Cherehani Baada ya Kuumia Ubongo: Kosa Liko Kichwani au Liko kwenye Mashine?

Nilianguka na bodaboda njia ya Pongwe, kichwa kikapiga lami. Nilipotoka hospitali kila mtu aliniambia nimepona, maana kidonda kilikuwa kimekauka na mguu natembelea. Nikakaa kwenye cherehani yangu barazani, Ngamiani, mashine niliyoshonea sare za shule miaka kumi na moja, nikashindwa kukunja pindo la foronya. Uzi ulijikusanya chini ya kitambaa kama kiota cha ndege. Nikafumua, nikashona tena, kiota kingine. Nikasema basi, akili yangu imekwenda na ile ajali. Wiki nzima sikuigusa.

Kisha mdogo wangu, ambaye hata kifungo hajui kushona, alikaa akakanyaga kwa mchezo tu. Kiota kilekile. Uzi wa juu ulikuwa haujakaa mahali pake, basi. Wiki nzima nimejililia bure.

Tangu hapo wamekuja wengi barazani kwangu: mama aliyepata kiharusi, kijana fundi wa kanzu aliyeanguka mnazini, binti aliyegongwa akiwa kwenye baiskeli. Wanaleta malalamiko yaleyale, na karibu kila mmoja ameshajihukumu kabla hajakagua. Kwa hiyo, kabla ya kusoma kosa lolote hapa chini, fanya majaribio mawili. Kwanza, mtu mwingine afanye kazi hiyohiyo kwenye mashine hiyohiyo. Akishindwa na yeye, tafuta kosa kwenye mashine. Pili, kama yeye ameweza, wewe rudia kazi hiyo kesho asubuhi, umelala na umekula. Ukiweza asubuhi na jana jioni ulishindwa, tatizo lako ni uchovu. Ukishindwa asubuhi pia, basi kuna jambo la macho, mkono au kumbukumbu, na hilo nalo lina njia zake.

Lini usiguse cherehani kabisa

Naliweka hili mbele kwa sababu haliwezi kusubiri. Kichwa kilichoumia kinaweza kuvuja damu ndani polepole na dalili zikaja wiki kadhaa baada ya ajali, hasa kwa mtu mwenye umri mkubwa au anayetumia dawa za kuzuia damu isigande. Maumivu ya kichwa yanayozidi siku hadi siku, kutapika mara kwa mara, usingizi mzito usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, mdomo au upande mmoja wa mwili kulegea, maneno kukwama, kuona kitu kimoja viwili kwa ghafla, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyenzake, majimaji kama maji kutoka puani au sikioni, kuanguka na kukakamaa. Ukiona hata moja, usisubiri kesho wala usijaribu dawa ya dukani. Ni hospitali saa hiyohiyo, na mgonjwa asiende peke yake. Sisi wa mjini Tanga tuna hospitali ya Bombo.

Na ukianguka tena ukapiga kichwa, hata kidogo tu, acha kazi ukaangaliwe. Ubongo uliokwishaumia hauvumilii pigo la pili.

"Uzi unajikusanya chini ya kitambaa"

Hili ndilo linalowaliza watu kuliko yote, na mara nyingi halihusiani na ubongo.

Sababu ya kawaida ni kwamba uzi umetiwa huku mguu wa cherehani, ule mdogo unaokandamiza kitambaa, umeshushwa. Ukiwa chini, zile sahani mbili ndogo za kukaza uzi zimebanana, na uzi hupita juu yake badala ya kati. Toa uzi wote. Inua mguu. Tia uzi upya tangu kwenye kibiringo, kisha shusha mguu na uvute uzi kwa vidole: sasa unapaswa kuusikia unagoma. Usipogoma, haujaingia. Watu wengi huona fujo iko chini wakaanza kukaza skrubu ya kasha la bobini, yaani kibiringo kidogo cha uzi wa chini, na hapo wameongeza kosa la pili juu ya la kwanza.

Inayofuata ni sindano iliyogeuka. Usitegemee macho hapa, tumia ukucha. Sindano ya mashine ina mfereji mrefu upande mmoja. Uzi huingilia upande wenye mfereji huo. Kama umeutia kutokea upande wa pili, umeiweka sindano kinyume. Baada ya hapo angalia kama sindano imepinda au imechoka (baada ya saa nane hivi za kushona huwa imefika mwisho), kisha safisha pamba iliyojaa kwenye meno chini ya bati.

Ukishafanya yote haya na kiota bado kipo, mpe fundi wa vyerehani. Usifungue mashine mwenyewe. Zile skrubu ndogo na mpangilio wa kuzirudisha zinachosha kumbukumbu vibaya sana.

"Uzi hauingii kwenye tundu la sindano"

Kabla hujaulaumu ubongo, kumbuka umri. Ukishapita miaka arobaini macho ya karibu hupungua kwa kila mtu, aliyeumia na asiyeumia. Azima miwani ya kusomea ya jirani ujaribu. Kata uzi mshazari kwa mkasi wenye makali, weka karatasi nyeupe nyuma ya tundu, na badala ya kupeleka uzi kwenye sindano, shika uzi ukichungulia kidogo kati ya vidole viwili, ulete sindano kwenye uzi.

Kama unaona matundu mawili, funika jicho moja kwa kiganja. Tundu likibaki moja, macho yako hayaendi pamoja, jambo linalotokea sana baada ya kichwa kuumia. Likibaki mawili hata kwa jicho moja, basi tatizo liko kwenye jicho lenyewe. Kote kuwili mwone daktari wa macho umweleze kuhusu ajali, na usijifunge kitambaa jichoni siku nzima bila yeye kukwambia.

Wakati unasubiri miadi, unaweza kushona bila kutunga uzi mara kwa mara. Kwenye mashine, usiuvute uzi wa zamani. Ukate juu karibu na kibiringo, fungia uzi mpya hapo, kisha vuta polepole kutokea sindanoni mpaka fundo likaribie tundu. Hapo tu ndipo unapokata fundo na kutunga mara moja. Kwa sindano za mkono, binti yangu kabla ya kwenda shule hutunga sindano kumi kwenye uzi mmoja ambao bado uko kwenye kibiringo, zikapangana kama samaki kwenye ukambaa. Mimi nikihitaji moja, naivuta na urefu wa uzi ninaoutaka, nakata, nazisukuma nyingine nyuma. Sindano kumi zinanipeleka mpaka adhuhuri.

"Naanza vizuri, baada ya nusu saa kichwa kinajaa"

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokata tamaa.

Ubongo ulioumia hutumia nguvu nyingi zaidi kwa kazi ileile uliyokuwa ukiifanya huku unapiga soga. Si uvivu. Uchovu wake si ule wa mgongo na mabega tuliouzoea mafundi. Unakuja kama ukungu: maneno yanapungua, macho yanakuwa mazito, sauti ndogo inakera, kisha unakata kitambaa pasipostahili. Ukishafika hapo umechelewa. Ili pumziko lisaidie, lazima lije kabla ya ukungu.

Sababu ya kwanza, na ya wengi, ni kurudi na saa za zamani. Mtu alikuwa anakaa saa nne bila kunyanyuka, anataka kukaa saa nne. Weka simu ilie baada ya dakika 15, hata 10 kama ndiyo kwanza umeanza. Ikilia, simama. Nasema simama hata kama mshono umebaki shubiri moja. Niliwahi kujidanganya kwa shubiri moja ya pindo la pazia. Nikamalizia, nikaona afadhali nipige pasi kabisa, nikaona afadhali nikate na la pili. Siku mbili zilizofuata nililala chumbani pazia zimefungwa, kitambaa cha maji usoni, na watoto wakinong'ona kwenye korido. Kupumzika maana yake ni kulala au kukaa mahali penye giza kidogo na kimya, bila simu mkononi. Kutazama picha za mishono kwenye simu ni kazi ileile kwa ubongo. Usipime kwa jinsi unavyojisikia leo, pima kwa kesho yake. Wiki ikipita na kila kesho yako ni nyepesi, ongeza dakika tano.

Sababu ya pili ni kelele na mwanga. Baraza zetu za Ngamiani ni tamu lakini zina televisheni ya jirani, honi, na fundi wa kuchomelea. Sogeza mashine chumba cha nyuma. Weka kipande cha mpira au mkeka uliokunjwa chini ya miguu ya cherehani, mlio wake utapungua. Taa ya bomba inayochezacheza ni adui, hata kama wengine hawaioni ikicheza. Tumia mwanga wa dirishani unaotoka ubavuni, vaa kofia yenye chepeo. Miwani ya jua nje ni sawa, ila ndani ya nyumba usiizoee, macho yatazidi kuukataa mwanga.

Tatu, joto na maji. Kuanzia Januari mpaka Machi jasho la Tanga linammaliza hata mzima. Mimi nashona baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijapanda, na chupa ya maji iko chini ya mashine.

Nne, tumbo tupu. Na kwa waliofunga: mgonjwa ana ruhusa ya kula akalipa siku nyingine, kwa hiyo usibebe mzigo ulioruhusiwa kuuweka chini. Kama unataka kufunga, mwulize kwanza daktari kuhusu saa za vidonge.

Tano, usingizi mbovu au dawa. Vidonge vingine vya maumivu na vya kifafa vinaleta usingizi. Usiviache wala usivipunguze mwenyewe. Nenda na paketi kwa daktari, mwambie unashona saa ngapi na unachoka saa ngapi. Vidonge vya maumivu vikiwa vya kila siku navyo vinaweza kuleta maumivu ya kichwa vyenyewe, kwa hiyo hesabu unavyomeza.

Iliyo nadra, lakini niliiona nyumbani kwa mama mmoja Makorora: pasi ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Hewa ya mkaa inaumiza kichwa na inaua. Kama kichwa kinauma ukiwa unapiga pasi tu, na ukitoka nje kinapoa, fungua madirisha au peleka pasi uani.

"Nimesimama, sijui nilikuwa nimefika wapi"

Hapa niseme neno kuhusu aina ya kazi. Wengi wanataka kurudi kwa kushona gauni. Mimi ningekushauri mfarishi wa vipande, ule walioshona bibi zetu: juu mabaki ya kanga na vitenge yaliyoungwa, katikati blanketi kuukuu au pamba, chini shuka, kisha tabaka zote tatu zinapitishwa uzi. Gauni ni kazi moja ndefu, ukisahau hatua moja umeharibu yote. Mfarishi ni kazi ndogo mia moja. Ukiunga vipande vinne leo, hivyo vinne vimekwisha, kesho havikudai kitu. Na mabaki unayapata bure chini ya meza za mafundi ukiwahi kabla hawajafagia.

Kupotea katikati ya kazi mara nyingi ni kwa sababu ulikatishwa. Kwetu mtu hapiti barazani bila salamu, na salamu zetu zina watoto, wajukuu na bei ya samaki ndani yake. Nilikuwa naitikia, nikigeuka mikono imesahau. Sasa nina pini moja yenye kichwa chekundu. Kabla sijainua uso naichomeka pale nilipofikia. Bibi wa jirani alinuna mwanzoni.

"Shikamoo bibi. Nipe dakika moja niweke pini, nakuja."

"Marahaba mwanangu. Weka pini yako, mimi siendi popote."

Siku hizi yeye ndiye anayewaambia wengine wasubiri pini.

Sababu ya pili ni kazi nyingi mezani kwa pamoja. Kazi moja tu ionekane. Nyingine zifungie kwenye kanga, kila moja fundo lake, uziweke mahali usipoziona. Sababu ya tatu ni kuacha katikati ya hatua. Ni bora uache dakika tatu kabla ya kengele kuliko kuacha mshono nusu.

Kama hayo hayatoshi, andika kadi. Yangu ni ya boksi la biskuti, imening'inia kwenye msumari mbele ya mashine: kata, panga mkekani, piga picha, bana kwa pini, shona, piga pasi. Kando ya kila neno nimetoboa tundu, na pini nyekundu ya pili inahamia tundu moja baada ya jingine. Hapo kwenye "piga picha" usiparuke. Ukishapanga vipande mkekani unavyovipenda, piga picha kwa simu kabla ya kuinua hata kimoja. Mtoto akipita mbio, au upepo wa kusi ukiingia mlangoni, hupangi upya kwa kukumbuka, unapanga kwa kutazama. Jioni najitumia ujumbe wa sauti: "Safu ya tatu imekwisha, kesho safu ya nne, vipande viko kwenye sinia la bluu." Asubuhi naisikiliza sauti yangu mwenyewe inanielekeza.

Kumbukumbu ikizidi kupungua badala ya kusimama au kupanda, hilo si la kadi. Mwone daktari. Na kama hospitali unayokwenda ina mtaalamu wa tiba kwa vitendo, omba umwone, maana kazi yake hasa ni kumrudisha mtu kwenye shughuli zake za mikono. Nenda na kitambaa chako umwonyeshe mahali unapokwama.

"Nimeunga uso wa kitambaa na mgongo wa kingine"

Usihangaike kujifunza kukumbuka. Liondoe tatizo lenyewe: kwa miezi ya mwanzo tumia vitenge vya nta halisi, ambavyo rangi imeingia sawa pande zote mbili, havina uso wala mgongo. Ukitumia vitambaa vyenye mgongo, weka alama ya X ya chaki nyuma ya kila kipande mara tu baada ya kukata.

"Pembe za vipande hazikutani"

Kwanza pima upana wa mshono. Kata vipande vitatu vya upana wa sentimita 8, viunge kwa mshono wa sentimita 1. Cha katikati sasa kinapaswa kuwa na sentimita 6 kamili. Kikiwa kidogo unashona ndani mno, kikiwa kikubwa unashona nje. Dawa yake ni kubandika tabaka kadhaa za plasta ya kidonda kwenye bati la mashine, sentimita moja kutoka kwenye sindano, ziwe ukingo. Kitambaa kinaegemea hapo na jicho linapumzika.

Pili, ukataji. Acha hesabu. Namba baada ya kuumia zinateleza hata kwa mtu aliyekuwa mkali wa hesabu. Mwombe mtu akukatie kiolezo kimoja cha kadi ngumu, kila kipande ukichore kwa hicho. Usitumie kipande cha kitambaa kama kiolezo cha kinachofuata, kosa la nywele moja litazaa kila unapokata.

Tatu, na hapa tulia usome taratibu. Kama makosa yote yako upande mmoja, tuseme daima kushoto, angalia na mambo mengine ya siku. Je, wali unabaki upande wa kushoto wa sahani? Bega la kushoto linagonga fremu ya mlango? Pini za kushoto unazisahau kitambaani? Mama aliyepata kiharusi aliniletea mfarishi uliopangika vizuri mno nusu ya kulia, na nusu ya kushoto kulikuwa na mianya ya kupitisha kidole. Nilipomwonyesha kwa kidole alishtuka. Macho yake hayakuwa na kasoro, ubongo ndio ulikuwa hauupi upande ule nafasi. Tulishona uzi mwekundu mnene kando yote ya kushoto, na kabla ya kila mshono anageuza kichwa mpaka auone. Uzi huo unasaidia kazi, ila hautibu. Mtu wa namna hiyo anahitaji kuonwa na daktari na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na asiendeshe baiskeli wala kuvuka barabara kubwa peke yake mpaka amepimwa.

"Gurudumu linarudi nyuma, uzi unakatika"

Hili ni la cherehani za miguu. Juu ya gurudumu la mkono lazima kuje upande wako. Likienda kinyume, uzi unakatika au unajifunga. Miguu iliyopoteza mapigo yake huanza kinyume bila kujua.

Anza kwa mkono: vuta gurudumu kuja kwako, miguu ifuate. Bado? Legeza ile kokwa iliyo katikati ya gurudumu la mkono, sindano itasimama na utakanyaga bila kushona kitu. Kanyaga hivyo dakika chache kila siku, bila uzi. Mimi nilihesabu kwa sauti, moja mbili, moja mbili, wiki mbili nzima, mpaka siku moja niligundua nimeacha kuhesabu na miguu inaendelea. Kama mguu mmoja haufuati kabisa, au umezidi kulegea kuliko mwezi uliopita, rudi hospitali.

Usikimbilie kununua mashine ya mota kwa sababu hii. Ya mota inakwenda kasi kuliko unavyoweza kufikiri kwa sasa. Ya kuzungusha kwa mkono, kama bibi yako ameiacha kabatini, ndiyo bora kuanzia: ukiacha kuzungusha, imesimama.

"Maua ya kanga yanacheza, napata kizunguzungu"

Kufuata sindano kwa macho ndiyo sababu kuu. Tazama ukingo wa plasta, usitazame sindano. Michirizi myembamba na vimraba vyeusi na vyeupe huchosha zaidi, viweke kando kwa miezi michache ushone rangi moja moja. Inua meza ili usiiname. Kama chumba kinazunguka kwa sekunde chache kila unapoinama kuokota kitu au kujigeuza kitandani, mweleze daktari hivyo hivyo, kwa sababu kipo kizunguzungu cha sikio la ndani kinachotulia kwa kugeuzwa kichwa na mtaalamu. Usijigeuze mwenyewe.

"Pasi imeunguza kitambaa, sikusikia harufu"

Niliunguza doti ya kanga ya mteja mpaka moshi ukanifika machoni, na pua haikuniambia kitu. Nilidhani ni usahaulifu. Kumbe kichwa kikipigwa, mishipa ya kunusa inaweza kukatika, na wengi hawagundui kwa miezi. Jipime: funga macho, mtu akupitishie karafuu, kahawa, ganda la chungwa. Usipotofautisha, mwambie daktari, na nyumbani badilisha mambo leo. Pasi inapigwa kwa kengele ya simu, haiachwi imelala. Na mtungi wa gesi ni hatari zaidi ya pasi, kwa sababu unategemewa kunuka ukivuja. Paka maungio povu la sabuni uone kama linatoa mapovu, funga valvu kila usiku, na mtu mwenye pua zake awe ndiye wa kuwasha.

Mkono usiohisi vizuri nao unaungua bila taarifa. Piga pasi kwa ule mwingine. Na mkono unaotetemeka usishike wembe wa kufumulia. Tumia mkasi mdogo wenye ncha butu, uegemeze kiwiko mezani.

Kwa mwenye kifafa baada ya ajali

Usishone peke yako nyumbani, usitumie mashine ya mota, usipige pasi, mpaka daktari aseme. Usiruke dawa hata siku moja. Waonyeshe wa nyumbani: mtu akianguka wamlaze ubavu, waondoe mkasi na pini karibu yake, wasimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, watazame saa. Ikipita dakika tano, au akianguka tena kabla hajazinduka, apelekwe hospitali.

"Nikikosea nalia, au natupa kitu"

Hasira na machozi ya ghafla hutokana na jeraha lenyewe, na wa nyumbani waambiwe hivyo ili wasidhani ni tabia. Mara nyingi huja dakika chache baada ya kengele uliyoidharau. Ondoka kwenye mashine, usifumue siku hiyo. Ila kama huzuni haiondoki wiki mbili, au unawaza kwamba heri usingekuwapo, mwambie mtu leo, na aende na wewe hospitali.

"Mteja anauliza lini itakuwa tayari"

Malipo ya awali yanazaa kukimbia, na kukimbia kunakurudisha kwenye lile pazia la shubiri moja. Nilipata oda ya mifarishi miwili kutoka Lushoto, kule baridi ya Juni na Julai wanaijua. Zamani ningesema wiki mbili. Nilimwambia mama yule ukweli kuhusu kichwa changu, sikuchukua hata shilingi, nikamwomba miezi mitatu kwa mmoja. Alikubali mmoja. Kwenye karatasi yake sikuandika tarehe, niliandika: nitakupigia. Nilimpigia siku ya themanini na tatu, asubuhi, kabla ya jua kali.